Nani Aliongeza Oili Kwenye Gari la Baba

Ndera, Gasabo,
Kigali.
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa Kaka Zephaniah,

Salamu nyingi ziwafikie hapo Mwanza, wewe na wifi yangu Shami na watoto wote. Goti lako linaendeleaje? Wifi aliniambia umeacha zile dawa katikati kwa sababu eti zinakuletea usingizi. Kama ni kweli, nakuomba uzimalize, maana wewe ukiumwa nyumba nzima hukoma kulala, na wifi yangu hajakosa kitu astahili adhabu hiyo.

Sisi huku ni wazima. Mvua imeanza vizuri. Maharage niliyopanda nyuma ya nyumba yameota yote, isipokuwa mstari alioupanda mume wangu Viateur, naye anasema kosa ni la mbegu. Gwiza wetu anasoma vizuri na ameingizwa kwaya ya watoto kanisani, kwa hiyo tunaimbiwa kutwa, tupende tusipende.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Kaka, kwenye simu wewe husikilizi, unatoa amri. Alida, jirani yetu wa getini, anasafiri kesho kwa basi kwenda kumwona dada yake hapo Mwanza, nami nimemwomba akubebee hii. Barua haikatizwi.

Habari yenyewe ni ya Baba na gari lake. Ulisema utakuja mwisho wa mwezi huu kuchukua funguo, gari liuzwe, na Baba apelekwe akapimwe akili. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekupigia nikilia na kukwambia Baba anasahau. Lakini tangu wiki iliyopita mambo yamegeuka, na sijui hata yamegeukia upande gani. Nitakueleza yote kama yalivyotokea, kisha wewe na ukubwa wako mtaniambia nishike lipi.

Unalikumbuka gari lenyewe, ile Karina ya otomatiki uliyoiendesha ulipokuja kumzika Mama. Tangu Mama aondoke, gari lile ndilo lenye kumtoa Baba kitandani. Asubuhi anampeleka Gwiza shule. Siku nyingine anakwenda Masaka, hapa jirani, kutazama migomba yake, na wazee wa kanisani wasio na usafiri humpigia simu yeye akawafuate. Ukimnyang'anya funguo humpunguzii kazi tu, unamwachia kiti cha barazani na siku nzima ya kukikalia.

Basi, mwezi uliopita asubuhi moja alikuwa anatoka na Gwiza. Unaijua njia yetu, ukitoka getini unaanza kupanda papo hapo. Baba akatia gia, akakanyaga mafuta, injini ikalia kwa nguvu, na gari badala ya kupanda likaanza kurudi nyuma polepole kuelekea ukuta wa jirani. Akawahi breki. Gwiza alicheka, alidhani babu yake anamchezea. Mimi nilikuwa nimesimama getini na kikombe cha chai mkononi.

Viateur akasema gia boksi inateleza kwa kukosa oili. Baba akasema haiwezekani, kwa sababu oili ya gia huipima mwenyewe kila Jumapili akitoka kanisani, na imejaa mpaka juu ya alama. Nyumbani kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba amekosea, na mkwe ndiyo kabisa asithubutu. Tukaingia ndani tukazungumza habari za mvua.

Kesho yake nilidamka kabla Baba hajatoka chumbani kwake. Nilikuwa nimetazama video kwenye simu, nusu tu, mtandao ukakata, lakini nilishika kwamba oili ya gia ya otomatiki hupimwa injini ikiwa imewashwa. Nikawasha gari. Nikajiambia Baba akiuliza, nitasema nalisogeza nifagie. Nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha mpaka mwisho, nikakichomoa tena. Kile kijiti kina alama mbili, moja juu na moja chini, na maandishi yake yalishafutika zamani. Nikaona ya juu ndiyo ya kujaa. Oili ilikuwa chini, mbali kabisa nayo.

Baba amesema imejaa, na mimi naona kwa macho yangu haijajaa. Nikachukua kopo la oili lililoko stoo, nikaongeza kidogo, nikafunga boneti. Sikumwambia mtu. Hata Viateur sikumwambia, kwa sababu sikutaka mume wangu amtazame baba yangu kama mtu aliyekwisha.

Jumapili Baba akarudi kutoka kanisani, akafungua boneti, akapima, akasema imejaa na hata imezidi. Alisema kwa sauti, nadhani alitaka tusikie. Jumatatu alfajiri nikapima, iko chini. Nikaongeza tena. Jumapili nyingine ikawa vilevile. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kabisa, maana nilijiuliza ni mimi au ni yeye, na kila nilipojiuliza jibu lilikuwa yeye.

Nikaanza kukusanya na mengine. Baba alikuwa anamwita Gwiza kwa jina la Mama, Athanasie. Siku moja aliacha bomba la uani linamwagika. Alisimulia habari ya ng'ombe aliyepotea Karagwe mara mbili kwenye chakula kimoja. Ndipo nikakupigia, nawe ukaamua. Fimbo ya mbali haiui nyoka, kaka yangu, lakini nakiri nyoka nilikuwa nimemchora mimi.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba tunakaa hapa Ndera. Unajua mjini mtu akisema anakaa Ndera watu wanavyocheka, kwa sababu ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba mwenyewe hupenda kuwatania wageni kwamba yeye anakaa upande wa wazima. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje kwamba safari hii tunavuka kwenda upande wa pili, na hakuna anayetania.

Wakati huo gari likazidi kuharibika. Likawa linashtuka likibadili gia, linatoa harufu ya kuungua, na chini ya boneti yakaanza kudondoka matone mekundu. Tena lile kopo la stoo lilikuwa linapungua haraka kuliko nilivyokuwa namimina. Unajua niliwaza nini? Niliwaza Baba anafungua, anamwaga nje ya tundu, kisha anasahau. Mungu anisamehe, nilianza kuvizia mikono yake mezani nione kama inatetemeka.

Siku ya Jumatano Baba mwenyewe ndiye aliyesema gari liende kwa fundi. Kuna gereji Remera, si mbali na duka langu la sare za shule, ya fundi anayeitwa Régis. Viateur akaomba ruhusa kazini, tukaenda sote watatu, kwa sababu hatukutaka Baba aendeshe peke yake. Yeye ndiye aliyeshika usukani. Hakuna aliyemwambia atupishe.

Tulipofika, Régis hakufungua hata boneti. Aliliweka gari mahali palipo sawa, kwenye sakafu ya saruji, akauliza tumetoka wapi, akasema tungoje. Alisema kwa vile tumepanda milima na kusimama kwenye foleni, oili imepata moto kupita kiasi, na ikiwa hivyo kijiti kinadanganya. Tukaenda kunywa maziwa kwenye kibanda cha jirani. Baba alikunywa ya moto, sisi tukanywa mtindi.

Baadaye Régis akamwambia Baba awashe, akanyage breki, apitishe gia zote mojamoja polepole, kisha arudishe kwenye P ya kuegesha na aache injini ikiwaka. Ndipo akachomoa kijiti. Alieleza huku anafuta. Oili ya gia hukua ikipata moto na kusinyaa ikipoa. Alama ya chini ni ya oili baridi, na mafundi hawaiamini sana. Ya juu ni ya oili iliyopata moto wa kawaida, gari likiwa limetembea robo saa au zaidi kidogo, bila kuchemka. Mimi nilielewa kwa maziwa, Kaka. Yakiwa ya baridi yanakaa nusu ya sufuria, na ukiyageuzia mgongo jikoni yanamwagika, wala hakuna aliyeongeza tone.

Akatuonyesha kijiti. Oili ilikuwa imepita alama ya juu mbali sana, tena ina povu. Akasema oili ikizidi, gia zinaipiga mpaka inatoa povu, na povu halina nguvu ya kushika gia, kwa hiyo gari linateleza na oili inatafuta pa kutokea. Yale matone mekundu yalikuwa ndiyo hayo.

Akauliza, "Muzee, hii oili iko mingi sana. Nani alikuwa anaongeza?"

Nilitazama viatu vyangu. Nikasikia Viateur anakohoa, akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Databukwe, munisamehe. Ni mimi." Databukwe ndivyo anavyomwita Baba, baba mkwe. Akaeleza kwamba alikuwa anapima jioni akirudi kazini, nje ya geti pale kwenye mteremko, gari likiwa limeinama, kwa sababu aliona ni utovu wa adabu mkwe kupekua gari la baba mkwe wake ndani ya ua. Pale kijiti kilimwonyesha imepungua. Akaongeza oili, na hakuniambia kwa sababu hakutaka nione aibu juu ya baba yangu.

Kaka, hebu fikiria. Nilipima ikiwa baridi kwa sababu nilikuwa namficha Baba. Viateur alipima kwenye mteremko kwa sababu alikuwa anamheshimu Baba. Na Baba, kumbe, alikuwa anapima ikiwa moto lakini injini ameizima, kama alivyozoea na lile Land Rover la ofisi alipokuwa bwana shamba Karagwe, na injini ikizimwa oili yote hurudi chini na kuonekana nyingi. Kila mtu alisoma kijiti kilekile, kila mtu alisema kweli aliyoiona, na hakuna hata mmoja aliyepima sawasawa. Oili ilikuwa inatosha tangu siku ya kwanza.

Nikasema na mimi niliongeza. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Nilidhani Baba atakasirika, au atacheka, maana alikuwa ameshinda. Hakufanya hata kimoja. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa cha Régis, anafuta vidole ambavyo havikuwa na uchafu.

Akasema, "Na mimi niliongeza."

Régis akamuuliza kwa nini, kama alikuwa anaona imejaa. Baba akanitazama. Akasema, "Kijiti kiliniambia imejaa. Macho ya Connie yaliniambia nimezeeka. Nikaamini macho ya mwanangu."

Sijui nikuandikie nini hapa. Nililia pale gerejini mbele ya mafundi, na sina haya kukwambia. Baba alikuwa anamimina oili kwenye gari lililojaa, akijua limejaa, kwa sababu sisi tulimtazama mpaka akaacha kuyaamini macho yake mwenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulifichana hata uchi ambao haukuwepo.

Régis alitoa oili iliyozidi, akapima tena kwa utaratibu uleule, ikakaa chini kidogo ya alama ya juu, akasema inatosha na mtu asiiguse. Baba akaendesha kurudi nyumbani. Nilikaa mbele naye, na kwenye kile kilima cha getini nilifumba macho. Gari lilipanda bila kushtuka. Tangu siku hiyo halijateleza.

Ungefikiri hapo mambo yameisha. Hayajaisha, na ndiyo maana bado kichwa kinanizunguka. Nilimuuliza Régis, kama oili ilikuwa inatosha tangu mwanzo, kwa nini gari lilirudi nyuma siku ile ya Gwiza. Akasema labda kwa vile lilikuwa la baridi na limezeeka, halikushika gia mara moja. Au labda mzee aliacha gia kwenye N, ambapo gari halishiki gia yoyote, akadhani yuko kwenye D ya kwenda mbele. Hakuna wa kujua. Nilimuuliza Baba moja kwa moja, mara ya kwanza maishani mwangu, akaniambia naye hakumbuki. Sasa hakumbuki kama mtu yeyote asivyokumbuka jambo la mwezi uliopita, au hakumbuki kwa namna ile nyingine? Sielewi, Kaka.

Tena jioni ileile, tumefurahi tumekula, nikamsikia anaita, "Athanasie, niletee miwani." Gwiza akampelekea. Nikamvuta mtoto pembeni nikamuuliza, babu yako huwa anakosea jina lako? Akanishangaa. Akasema hapana, wamekubaliana, babu alimwomba ruhusa amwite hivyo mara mojamoja ili jina lile lisikae bure ndani ya nyumba. Lakini Gwiza anampenda babu yake, na mtoto anayempenda mtu anaweza kumfunika. Je, ananiambia kweli, au naye anaongeza oili?

Kwa hiyo nakwambia hivi. Gari ninajua sasa jinsi ya kulipima, litembee kwanza, lipate moto wake wa kawaida, lisimame mahali palipo sawa, injini iwe inawaka. Baba sijui apimwe saa ngapi wala wapi. Ninachojua ni kwamba mimi nilimpima kwa kujificha, na wewe ulimpima kwa simu ukiwa Mwanza. Kama bado unataka aonwe na daktari, sikatai, na huenda ni vizuri aonwe. Lakini aambiwe yeye mwenyewe, ana kwa ana. Kuuliza si ujinga, nasi juu ya akili yake tumemuuliza kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Njoo mwisho wa mwezi kama ulivyopanga. Kaa naye siku chache, nenda naye Masaka kwenye migomba, yeye akiendesha. Usimwamulie chochote siku ya kwanza. Na usije na mnunuzi wa gari, kaka, nakujua.

Msalimie sana wifi Shami, mwambie kitenge alichoagiza nimempatia Alida pamoja na barua hii. Wasalimie watoto, na Shangazi Aidah ukimwona kanisani, mwambie sare za kwaya yake nitazishona nikipata vipimo vya kweli, siyo vile vya kukisia. Viateur anakusalimu, na Gwiza anasema umletee samaki. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, awape mvua ya kiasi na mioyo ya kusikilizana.

Salamu za Baba nimeziweka mwisho, kwa sababu nilipofika hapa aliingia akauliza namwandikia nani. Nilitaka kusema naandika hesabu za duka. Nikamwambia kweli. Nikamwambia Zephaniah anataka funguo, na anataka yeye apimwe. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akaniambia niandike maneno yake kama yalivyo, nami nayaandika:

"Mwambie kaka yako funguo ziko kwenye msumari, mlangoni, hapo zilipo siku zote. Aje aniombe, nitampa. Hajawahi kuniomba. Ila asinipime asubuhi kabla sijanywa chai."

Dada yako akupendaye siku zote,
Connie